Mmoja wa Wauguzi Wetu

Bweni la Wasichana, chumba cha mwisho
4 Februari

Shangazi, shikamoo.

Naamini masikio bado yamegoma na wewe bado umegoma kuvaa kile kifaa. Baba anasema alikupigia simu juzi kukuuliza kama umekula, akapaza sauti mpaka majirani wakachungulia, na wewe ukamjibu kwamba ndiyo, huko mvua imenyesha. Kwa hiyo mimi sihangaiki na simu. Naandika.

Nina habari. Nimekuwa mhariri wa gazeti la chuo. Usishangilie sana, ni gazeti la ukutani, karatasi kubwa tunazobandika kwenye ubao nje ya bwalo kila Ijumaa, na nimepewa kazi kwa sababu mhariri wa zamani amemaliza masomo na hakuna mwingine aliyenyoosha mkono. Hata hivyo nimefurahi. Hapa sijapata watu, Shangazi. Wenzangu walikuja makundi makundi kutoka shule walizosoma pamoja, mimi nikaja na sanduku langu. Ninaye mmoja tu, huyu wa kitanda cha chini, aliyenigawia nusu ya kabati lake siku ya kwanza bila kuombwa.

Mwalimu mlezi wa gazeti ametupa mwongozo mmoja: "Andikeni mnachotaka, ila msiniletee kesi ya kashfa." Nikamuuliza kashfa ni nini hasa kisheria. Akaangalia saa yake, akasema tutaongea. Ndipo nikakukumbuka wewe, mwanasheria wa gazeti kubwa, uliyekuwa ukisoma kurasa zote kabla hazijaenda mtamboni na kukata sentensi za watu kwa wino mwekundu huku wakikununia. Hebu nifundishe. Nianzie wapi?

Kiherehere wako


Ghorofa ya tatu, mlango wa kijani
12 Februari

Mwanangu Kiherehere, marahaba.

Barua yako nimeisomea palepale posta, nimesimama, mpaka karani akaniashiria nisogee nipishe watu. Nyumbani nimeisoma tena, kisha nikaiegemeza kwenye birika ili niione nikiwa napika. Tangu nistaafu, sanduku langu la barua huniletea matangazo ya maduka tu.

Uziwi una jambo moja ambalo hulijui mpaka likufike. Watu hawaachi kukupenda, wanachoka tu kurudia. Mara ya kwanza wanarudia vizuri, mara ya pili wanarudia kwa hasira kidogo, mara ya tatu wanakupungia mkono na kusema, "Basi, si kitu." Siku hizi nayasoma hayo midomoni mwa watu vizuri kuliko neno lolote. Karatasi hainiambii "si kitu", ndiyo maana nimefurahi kiasi hiki.

Haya, darasa. Sheria za nchi zinatofautiana kidogo, lakini mifupa ni ileile. Anayekushitaki kwa kashfa huonyesha mambo matatu. Leo nakupa mawili.

La kwanza, maneno yenyewe yawe ya kumshusha mtu mbele ya watu wenye akili zao timamu. Ukiandika kwamba mwalimu wa hesabu ana viatu vibaya, atakasirika, lakini hiyo si kashfa. Ukiandika kwamba anauza mitihani, umemvua nguo hadharani. La pili, maneno yamfikie mtu mwingine. Ukimwambia mwenyewe mkiwa wawili chumbani, umemtukana tu. Ukibandika nje ya bwalo, umechapisha, hata kama aliyesoma ni mfagiaji peke yake. Wala usijifiche nyuma ya "inasemekana". Maneno ya mwenzako ukiyabandika yamekuwa yako.

La tatu nitakuandikia barua ijayo. Ndilo tamu kuliko yote na linataka nafasi yake. Kwanza nijibu haya mawili kwa maneno yako, nione kama yameingia. Niambie pia chumba chako kina dirisha upande gani, na huyo wa kitanda cha chini ni mtu wa namna gani. Usikawie.

Shangazi yako


Bweni la Wasichana
20 Februari

Shangazi, shikamoo.

Yameingia. Moja, maneno yamshushe mtu. Pili, yamfikie mwingine. Dirisha linatazama tangi la maji. Hilo la tatu lako nalisubiri kwa hamu, lakini gazeti la wiki hii haliwezi kulisubiri.

Hili ni siri. Huyu wangu wa kitanda cha chini alikwenda zahanati ya chuo kupimwa, akakutwa ana mimba. Pale kuna wauguzi wawili. Mmoja tunamwita Sista Ndita, maana uso wake hatujawahi kuuona ukikunjuka. Ukimwendea na homa anakukaripia kwanza kwa nini umechelewa. Mwingine ni Sista Cheko. Huyo anacheka na kila mtu, anakuita mpenzi, anakukumbuka jina. Rafiki yangu aliivizia siku ambayo Ndita hayupo ili ahudumiwe na Cheko. Asubuhi alipimwa, na kabla ya chakula cha mchana Matroni wa bweni alishamwita ofisini, anajua kila kitu. Rafiki yangu hakuwa amemwambia mtu mwingine, hata mimi. Sasa wanataka kumrudisha nyumbani. Analia ameziba mdomo kwa mto ili vitanda vingine visisikie.

Shangazi, nimewaka. Nimeandika kwa mkono wangu, kwa kalamu nene: MMOJA WA WAUGUZI WETU ANATOA SIRI ZA WAGONJWA. Rafiki yangu amekubali kwa sharti moja, kwamba yeye asitajwe wala siku isitajwe. Na muuguzi pia sijamtaja. Nimefikiri hivi: pasipo jina, nani atakuja kudai kwamba ni yeye? Nimejikinga, au siyo? Kesho asubuhi tunabandika. Ungekuwepo ungenipigia makofi.

Kiherehere wako


Ghorofa ya tatu
26 Februari

Mwanangu, salamu baadaye. Kama hujabandika, usibandike. Kama umebandika, bandua sasa hivi, kabla hujamaliza kunisoma.

La tatu ni hili: maneno yamhusu mtu anayetambulika. Nasema kutambulika, sisemi kutajwa jina. Jina ni njia moja tu ya kumtambulisha mtu. Cheo chake, mwendo wake, mlango anaotokea asubuhi, vyote vinatosha, alimradi wanaomfahamu wakisoma waseme, "Ni huyu." Ukiandika kwamba wanasiasa ni waongo, hakuna mwanasiasa mmoja atakayekushitaki, kwa kuwa ni wengi na neno linapotea katikati yao. Lakini ukisema "mmoja wa wauguzi" mahali penye wauguzi wawili, umewakamata wote wawili. Na yule asiyehusika ndiye mwenye kesi nzuri zaidi, maana kwake huna ukweli wowote wa kujitetea.

Kuhusu yule anayehusika, ukweli ni kinga, lakini ni ule ukweli unaoweza kuuthibitisha mbele ya hakimu. Kuujua moyoni hakutoshi. Shahidi wako nani? Ni msichana ambaye hataki hata siku itajwe. Na mwenyewe umemwuliza huyo Cheko anasema nini kabla ya kuandika? Hukumwuliza.

Siri ya rafiki yako umeshaniambia mimi, nami sikuwa na haki nayo. Ukimaliza kusoma, ichane barua hii. Navaa viatu niipeleke posta mwenyewe, nitawaomba iende kwa njia ya haraka.

Shangazi yako


Bweni la Wasichana
5 Machi

Shangazi,

Barua yako ilinikuta nimeshabandika, na gazeti limeshasomwa na chuo kizima mpaka pembe za karatasi zimechanika.

Hakuna aliyejiuliza ni yupi. Walisoma kichwa cha habari wakasema kwa pamoja, "Ndita." Wasichana walisimama mbele ya ubao wakikumbushana jinsi alivyowakaripia, kila mmoja na lake, na kila kisa cha kukaripiwa kikageuka ushahidi. Nikawaambia sikusema ni Ndita. Wakanikonyeza, wakidhani nafanya ujanja wa waandishi. Siku hiyo, Shangazi, watu walinipenda. Walinivutia kiti bwaloni. Naona aibu kukuambia kwamba nilikaa.

Mwenyewe alikuja kusoma mchana, amevaa sare yake nyeupe, mikono nyuma. Alisoma mpaka mwisho. Akageuka akarudi zahanati, na tangu siku ile benchi la nje ya mlango wake liko tupu. Foleni yote iko kwa Cheko. Wanakwenda kumpa siri zao, kwa sababu ya karatasi yangu.

Rafiki yangu ameondoka. Baba yake alikuja kumchukua. Alikunja nguo zake bila kuniangalia, nikamwuliza nimekosa nini, akasema, "Nilitaka mtu wa kunisikiliza. Wewe ukataka habari." Nusu yake ya kabati iko wazi, na mimi bado nakunja nguo zangu upande wangu.

Nimeshaandika masahihisho: "Muuguzi tuliyemzungumzia si Sista Ndita." Nibandike? Nijibu haraka.

Kiherehere wako


Ghorofa ya tatu
11 Machi

Mwanangu,

Usibandike hiyo. Fikiri kidogo. Wako wawili. Ukisema si huyu, umesema ni yule. Utakuwa umemtaja Cheko kwa herufi kubwa, na ushahidi wako ameondoka nao baba wa rafiki yako. Na hata angekuwepo, ungempandisha kizimbani aseme alipimwa nini?

Najua ni chungu. Nimewahi kukaa meza moja na waandishi waliokuwa na ukweli mtupu mkononi, nikawakatia habari yote kwa sababu hawakuweza kuuthibitisha, wakaniita mwoga. Sheria haisemi kwamba mwongo ndiye mshindi. Inasema tu kwamba aliyeandika ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Wewe huwezi kuubeba huu, basi utue.

Utaifuta habari yote, kwa wote wawili. Andika kwamba mlichapisha jambo msiloweza kulithibitisha, kwamba mnalifuta, na kwamba mnawaomba radhi wauguzi. Usiandike "kama kuna aliyeumia". Yupo aliyeumia, unamjua. Tumia kalamu ileile nene, mahali palepale kwenye ubao. Watu wana tabia ya kuchafua kwenye ukurasa wa mbele na kuomba radhi pembeni ya matangazo ya vifo, na mahakimu hawaipendi.

Lakini kabla ya ubao, nenda kwake. Hilo si la kisheria, hilo nakuambia kama shangazi yako. Nenda mchana, watu wakiona.

Siku hizi nashuka posta kila asubuhi, hata siku ambazo najua hapatakuwa na kitu. Karani ananitikisia kichwa kwa mbali, na mimi napanda tena ngazi.

Shangazi yako


Bweni la Wasichana
20 Machi

Shangazi,

Nimekwenda. Nilikaa kwenye lile benchi saa ya chakula cha mchana, watu wakipita na sahani zao wakinishangaa. Alinifungulia mlango, akauliza, "Unaumwa nini?" Nikasema siumwi, nimekuja kuomba msamaha. Akasema, "Kama huumwi, unakalia nafasi ya mgonjwa." Nyuma yangu benchi lilikuwa tupu, Shangazi. Mgonjwa hakuwepo.

Nikamwambia yote. Nikamwambia najua si yeye. Akaendelea kupanga chupa za dawa. Kisha akasema yeye pia anajua si yeye, kwa kuwa aliposoma karatasi yangu alifungua daftari la wagonjwa, akaiona siku yenyewe, na siku ile hakuwepo kazini kabisa, alikuwa msibani. Nikamwuliza kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo, mbele ya mkuu wa chuo, mbele ya watu wote. Ukunjo wa uso wake haukubadilika. Akasema, "Ningesema siku ile sikuwepo, wangeuliza siku ipi. Wakishaijua siku, wangetafuta nani alikuja siku hiyo. Yule mtoto alikuwa bado yupo hapa chuoni."

Alinyamaza akachafuka yeye, ili kutunza siri ya msichana aliyeivizia siku ambayo yeye hayupo. Na mimi ndiye nimeandika kwa kalamu nene kwamba mmoja wao hajui kutunza siri.

Nimebandika kama ulivyonielekeza, neno kwa neno. Hakuna aliyekusanyika mbele ya ubao. Kiti cha bwaloni hakivutwi tena. Wanasema nimetishwa, au nimenunuliwa. Sista Cheko alinikuta njiani akacheka, akaniita mpenzi, akaniambia nimefanya jambo la busara. Nikampisha njia.

Sasa nina swali kwako. Jana nilizitoa barua zako nikazisoma tangu mwanzo, zote ila ile niliyoichana kama ulivyoagiza, nayo naikumbuka. Ile ya kwanza inasema mambo ni matatu, leo nakupa mawili. Hilo la tatu ulipokuja kuliandika lilikutosha mistari michache tu. Na ile barua ya kwanza, nusu ya ukurasa wake wa mwisho ni tupu, haina hata neno. Nafasi ilikuwepo. Kwa nini hukuliandika?

Mimi


Ghorofa ya tatu
27 Machi

Mwanangu,

Kalamu yako imekuwa kalamu ya kazi. Umeuliza swali ambalo nilitumaini hutaliona.

Sikuliandika kwa sababu nilitaka uniandikie tena. Nilijua hivi: ukishapata yote kwa mkupuo mmoja, utasema asante Shangazi, na utaendelea na maisha yako kama inavyofaa kwa msichana wa umri wako. Nikaona nikate somo vipande, kipande kwa barua. Nilishapanga vipande vya mwaka mzima. Nilivipanga jikoni, barua yako ikiwa imeegemea birika, na nilifurahi kama mtoto. Nimekaa miaka yote ile nikiwakatia watu maneno ili wasimdhuru mtu, na siku moja nilipobana maneno kwa ajili ya nafsi yangu, akadhurika mwanamke ambaye sitawahi kumwona.

Barua ya kusema "usibandike" niliiandika nikijua huenda nimechelewa, na hata humo sikukuambia kwamba la tatu nililibana makusudi. Nisamehe, mwanangu. Sidai, naomba.

Haya hapa yote yaliyobaki, sina ninachoficha. Maoni ya haki yanalindwa: ukisema wali wa bwalo haufai kuliwa, ni maoni, mradi wasomaji waone unazungumzia wali upi na usisingizie kwamba mpishi anatia sumu. Ripoti ya haki ya yale yaliyosemwa mahakamani au kwenye mkutano wa hadhara inalindwa, mradi usiongeze chumvi. Marehemu hashitaki, lakini jamaa zake wapo, nao wana macho. Kabla hujachapisha, mwulize kila mara yule unayemwandika, na umpe muda wa kujibu. Ukikosea, sahihisha upesi. Haifuti kosa, ila inalipunguza. Na usiku ukikosa usingizi kwa sababu ya sentensi moja, ikate.

Ndiyo yote. Mfuko umebaki mtupu. Hakuna tena sheria ya kukufanya uniandikie, na usipoandika nitaelewa.

Shangazi yako


Bweni la Wasichana, chumba cha mwisho
19 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Nilikasirika. Nilizifunga barua zako kwa uzi nikazitia chini ya godoro, na nikawa nazilalia nikiwa bado nimekasirika. Siku zikapita. Nikaona kwamba hapa chumbani hakuna anayenikasirisha hivyo, kwa sababu hakuna ninayemjali kiasi hicho.

Sista Ndita amehama. Aliomba mwenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa nakwenda kwake kila niwapo na kisababu, mara kikohozi, mara kidole, na ananikaripia ipasavyo. Wasichana wawili watatu walianza kunifuata. Nilidhani benchi litajaa tena, lakini halikujaa. Siku ya mwisho nilimbebea sanduku mpaka getini. Aliniambia huko aendako ni hospitali kubwa, wauguzi wamejaa kila korido. Mtu akiandika "mmoja wao", hakuna atakayegeuza shingo. Alisema hivyo bila kucheka na bila kununa, kama mtu anayesoma dozi. Kisha akaniambia kidole changu kimepona, niache kukifunga bandeji.

Cheko bado yupo. Nikimwona narudia moyoni kwamba siwezi kuthibitisha. Gazeti bado naliandika. Wiki hii ni wali wa bwalo, na mpishi nimemwuliza kwanza. Amejibu ukurasa mzima, nimemwekea wote. Rafiki yangu nimemwandikia, hajajibu. Nitamwandikia tena, bila kumwuliza lolote.

Likizo nakuja kwako kabla sijafika kwa Baba. Nitakaa mpaka utakaponichoka, na kila neno utakalolikosa nitalirudia, na nikichoka kurudia nitaandika kwenye karatasi.

Katika barua hii sina swali la sheria hata moja, nimeihakiki mara mbili. Nina lile moja tu alilokuuliza Baba kwenye simu, ukamjibu habari za mvua.

Umekula?

Kiherehere wako